VLADIMIR MARKOVNIKOV: MTU ALIYE NYUMA YA KANUNI



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki siku nyingi, ambaye vijana wanaweza kujifunza kitu kwake. Mkoa wetu wa Mara haukosi watu wa namna hiyo, na najua wenzangu watawaandika. Mimi nimemchagua mtu wa mbali, Mrusi, ambaye hakupata kufika Afrika, lakini jina lake limetajwa mara nyingi sana katika madarasa ya kemia hapa Nyakato. Kila aliyesoma PCB au PCM amelikariri jina la Markovnikov. Tulilikariri kama tulivyokariri majina ya madini na tarehe za vita, tukaliandika katika karatasi ya mtihani, tukapata alama zetu, tukaenda zetu. Ni wachache waliouliza huyu Markovnikov alikuwa nani.

Ninayo sababu nyingine ya kumchagua. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kemia niliisoma hapa na baadaye Chuo Kikuu, lakini kazi yangu ya kila siku sasa ni mafaili na mikutano. Markovnikov naye alisomeshwa ili awe mtumishi wa serikali. Jinsi alivyofika kwenye kemia, na jinsi alivyoishi baada ya kufika huko, ni habari inayotuhusu sote: aliyebaki maabara na aliyekwenda ofisini.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YA MWANZO

Vladimir Vasilyevich Markovnikov alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1830 katika jimbo la Nizhny Novgorod, nchini Urusi. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Urusi ya siku hizo ilitawaliwa na mfalme aliyeitwa Tsar, na wakulima wengi walikuwa watwana wa mabwana wenye ardhi; utwana huo haukufutwa mpaka mwaka 1861, Markovnikov akiwa tayari kijana aliyemaliza masomo.

Mwaka 1856 aliingia Chuo Kikuu cha Kazan. Hapa yafaa nieleze kidogo, maana Kazan ina mafunzo yake. Ni mji ulioko kando ya mto Volga, zaidi ya kilomita 700 mashariki ya Moscow, mji wa Watatari na Warusi, wenye misikiti na makanisa. Kwa watu wa mji mkuu, Kazan ilikuwa mikoani, tena mikoani kwa mbali. Hata hivyo, katika chuo hicho kilichoanzishwa mwaka 1804, Nikolai Lobachevsky alibuni jiometria mpya iliyoshangaza ulimwengu. Nikolai Zinin alipata njia ya kutengeneza anilini, chanzo cha rangi nyingi za nguo, mwaka 1842. Na Karl Klaus aligundua elementi ya rutheni mwaka 1844. Basi mtu asiwadanganye kwamba elimu ya juu huota katika miji mikuu peke yake.

Markovnikov hakwenda Kazan kusoma kemia. Alijiandikisha katika idara iliyofundisha uendeshaji wa mali ya taifa: sheria, uchumi, kilimo na ufundi. Idara hiyo ilikusudiwa kuandaa maofisa wa serikali. Lakini watu waliopanga masomo hayo waliona kwamba ofisa atakayesimamia mashamba, misitu, migodi na viwanda hawezi kuwa mbumbumbu wa sayansi, wakaamuru kila mwanafunzi wa idara hiyo asome na kemia. Kwa amri hiyo ya ratiba, kijana aliyekuwa njiani kwenda kukaa mezani akaingia katika chumba alimofundisha Aleksandr Butlerov.

MWALIMU WAKE

Butlerov ndiye aliyekuwa nguzo ya kemia ya Kazan. Mwaka 1861, katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Speyer, Ujerumani, alieleza kwamba sifa za kitu hutokana na jinsi atomi zake zilivyoungana, wala si kwa idadi ya atomi peke yake. Sisi Waswahili tunaweza kulielewa jambo hili upesi. Chukua herufi nne tu: K, A, T, A. Zipange hivyo, unapata kata. Zipange namna nyingine, unapata taka. Herufi ni zilezile na idadi ni ileile, lakini maana ni mbalimbali. Ndivyo zilivyo molekuli. Vitu viwili vinaweza kuwa na atomi zilezile kwa hesabu ileile, lakini kwa kuwa mpangilio umetofautiana, kimoja kikachemka mapema na kingine kikachelewa, kimoja kikanuka na kingine kisinuke. Vitu vya namna hiyo tuliviita isoma.

Markovnikov alipomaliza masomo mwaka 1860, Butlerov hakumwachia aende zake. Alimbakiza awe msaidizi wake katika maabara. Mwaka 1865 Markovnikov alipata shahada yake ya pili kwa tasnifu iliyohusu isoma, kisha akapelekwa Ujerumani kwa miaka miwili hivi. Alifanya kazi Heidelberg kwa Emil Erlenmeyer. Vijana mnamjua huyu bila kujua: ile chupa ya kioo yenye umbo la koni, ambayo mnaitikisa wakati wa kupima asidi na besi, inaitwa kwa jina lake. Baadaye alikwenda Leipzig kwa Hermann Kolbe, mkemia hodari ambaye hakukubaliana na mafundisho ya Butlerov juu ya muundo wa molekuli. Kukaa katika maabara ya mtu asiyekubaliana nawe, ukafanya kazi kwa adabu, na usiiache hoja yako, si jambo jepesi. Markovnikov aliliweza.

Aliporudi Kazan mwalimu wake alikuwa karibu kuhamia St. Petersburg, na kiti cha Butlerov kikawa chake. Mwaka 1869 alipata udaktari wake.

SWALI LA TASNIFU YAKE

Tasnifu hiyo ya mwaka 1869, aliyoiandika kwa Kirusi, ilihusu jinsi atomi zinavyoathiriana ndani ya molekuli. Butlerov alikuwa ameonyesha nani ameungana na nani. Markovnikov akauliza swali linalofuata: je, tabia ya atomi inategemea yule aliyeshikana naye mkono tu, au hata jirani wa pili na wa tatu ana sauti? Jibu lake lilikuwa kwamba majirani wana sauti, na sauti hiyo hupungua kadiri mtu anavyokaa mbali. Aliyekulia kijijini hatashangaa. Tabia ya nyumba moja haijulikani kwa kuwaangalia watu wa nyumba hiyo peke yao. Sharti uangalie na walio kando yake.

Kutokana na wazo hilo ndipo ilipotoka kanuni tuliyoikariri. Mwaka 1870 aliichapa kwa Kijerumani, tena mwishoni mwa makala ndefu iliyohusu jambo jingine: asidi za butiriki, jamaa ya ile inayoleta harufu ya samli iliyochacha. Kurasa chache za mwisho za makala hayo ndizo zilizomfanya ajulikane mpaka leo. Mwaka 1875 akaieleza tena kwa Kifaransa. Kwa kweli, ushahidi aliokuwa nao wakati huo ulikuwa wa mifano michache tu. Aliiona kanuni kabla majaribio hayajawa mengi, kwa sababu alikuwa na wazo la kumwongoza.

KANUNI YENYEWE

Kwa faida ya wale waliosahau, na wale ambao hawajafika Kidato cha Tano, nitaieleza polepole.

Zipo molekuli za kaboni na haidrojeni ambazo ndani yake kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja. Tunaziita alkeni. Ndogo kuliko zote ni etheni, gesi ile inayotoka katika matunda na kuyaivisha. Mama anayevundika ndizi anaikusanya gesi hiyo bila kuitaja jina. Mkono ule wa pili ni mwepesi kuachia. Kikija kitu chenye sehemu mbili, kwa mfano haidrojeni bromaidi, mkono huo huachia, na kila kaboni inapokea sehemu moja ya mgeni. Huo ndio mmenyuko wa kuongeza.

Nakumbuka mwalimu wetu wa kemia alivyotuonyesha jambo hili kwa vitu vya kwetu. Alichukua mafuta ya pamba, ambayo molekuli zake zina mikono miwili ya namna hiyo, akayatia katika mrija pamoja na maji ya bromini yenye rangi ya kahawia, akatikisa. Rangi ikatoweka. Bromini haikupotea, ilikuwa imekwenda kushikana na kaboni. Sisi watoto wa wakulima wa pamba tulikuwa tumeona pamba ikipimwa kwenye mizani miaka yote, lakini siku ile tuliiona kwa jicho jingine.

Sasa, katika etheni hakuna ugomvi, kwa kuwa kaboni zote mbili zimefanana: kila moja ina haidrojeni mbili. Mgeni akae huku au kule, matokeo ni yaleyale. Ugomvi unaanza kwa propeni, ambayo ina kaboni tatu. Kaboni ya mwisho wa kifungo maradufu ina haidrojeni mbili, na ile ya katikati ina moja tu. Haidrojeni bromaidi ikija, haidrojeni yake iende wapi, na bromini iende wapi? Kwa kuangalia karatasi tu, njia zote mbili zinawezekana. Lakini katika chupa, karibu mzigo wote unaelekea upande mmoja: haidrojeni inakwenda kwenye kaboni ya mwisho yenye haidrojeni nyingi, na bromini inakwenda kwenye kaboni ya katikati. Unapata 2-bromopropeni? La, kifungo maradufu kimekwisha, kwa hiyo unapata 2-bromopropani. Kosa hilo la herufi moja limewanyima alama wengi, vijana jihadharini.

Markovnikov aliisema kanuni kwa kutazama upande wa pili: kwamba elementi kama bromini na iodini huenda kwenye kaboni yenye haidrojeni chache. Maana ni moja. Huku kwetu Mara tungesema kwamba ndama mgeni ameingia katika boma lenye ng'ombe wengi. Mwenye nacho huongezewa.

Mwenzake mmoja, Aleksandr Zaitsev, naye mwanafunzi wa Butlerov kutoka Kazan ileile, alichapa mwaka 1875 kanuni ya safari ya kurudi, yaani pale haidrojeni inapoondolewa ili kifungo maradufu kizaliwe. Zaitsev aliona kwamba haidrojeni huondolewa kwenye kaboni yenye haidrojeni chache. Asiye nacho hunyang'anywa hata kile kidogo. Wakemia hawa wawili hawakuwa marafiki, lakini kanuni zao hukaa pamoja kama mafiga, na kila mtihani wa kemia ya kaboni unazipika zote mbili.

KWA NINI IKO HIVYO

Mambo ya elektroni Markovnikov hakuyajua alipoandika. Elektroni iligunduliwa mwaka 1897. Leo tunaweza kuieleza sababu kwa maneno machache. Haidrojeni bromaidi haiingii kwa mkupuo mmoja. Haidrojeni hutangulia, ikiwa na chaji chanya, ikashika kaboni moja. Kaboni ile nyingine inabaki na upungufu wa elektroni, yaani inabaki na chaji chanya, na hali hiyo ni ya taabu. Taabu inapungua kama kaboni hiyo ina kaboni nyingine zinazoizunguka, kwa maana majirani hao humwazima elektroni kidogo. Kaboni ya katikati ina majirani wawili, ya mwisho anaye mmoja. Kwa hiyo haidrojeni hutua mwisho, ili taabu ibaki katikati ambako kuna wa kusaidia. Halafu bromini inakuja nyuma na kukaa pale palipoachwa wazi.

Mkiitazama vizuri, hii ni hoja ileile ya tasnifu ya mwaka 1869. Majirani wana sauti.

KUACHA KAZI MWAKA 1871

Mwaka 1871 Markovnikov alikuwa profesa, ana kiti cha mwalimu wake, ana maabara, na jina lake limeanza kusikika Ulaya. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halimo katika vitabu vya kemia. Profesa mmoja wa anatomia katika chuo hicho, Peter Lesgaft, alifukuzwa kazi baada ya kukosoa uendeshaji wa chuo. Markovnikov hakuwa daktari wa anatomia, wala kiti chake hakikutishwa. Angeweza kukaa kimya, na kukaa kimya kungemfaa. Lakini yeye na maprofesa wenzake kadhaa walijiuzulu kupinga kitendo hicho.

Sisi wa mkoa huu tunalijua jambo la namna hiyo. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere, akiwa anafundisha Pugu, aliambiwa achague kati ya ualimu na siasa, akauacha ualimu na mshahara wake. Mimi ninayekula mshahara wa serikali nikisoma habari hizi hujiuliza maswali, na sidhani kwamba niko peke yangu. Kwa kila mtu mwenye cheo siku inaweza kufika ambapo mwenzake wa meza ya jirani anaonewa, na yeye hajaguswa. Markovnikov aliyeandika kwamba atomi haiwezi kueleweka bila jirani zake alionyesha kwamba alilichukua wazo hilo mpaka nje ya maabara.

Hakukaa bila kazi. Chuo Kikuu cha Odessa, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, kilimpokea mwaka huohuo wa 1871. Miaka miwili baadaye, mwaka 1873, aliitwa Chuo Kikuu cha Moscow, akakaa huko mpaka mwisho wa maisha yake.

KAZI YAKE MOSCOW

Huko Moscow aliyatengeneza upya mafunzo ya maabara. Alitaka mwanafunzi afanye kazi kwa mikono yake na afikiri kwa kichwa chake, asingoje kuambiwa kila hatua. Katika waliopita kwake wako Nikolai Kizhner na Aleksei Chichibabin, ambao majina yao nayo yameingia katika vitabu kwa mimenyuko waliyoigundua. Mwalimu huonekana kwa wanafunzi wake.

Wakati huo wakemia wengi waliamini kwamba kaboni zikijikunja kuwa duara, duara hilo ni la kaboni sita basi. Mwaka 1879 Markovnikov, pamoja na Krestovnikov, alitengeneza kitu chenye duara la kaboni nne. Mwaka 1889 akaonyesha duara la kaboni saba. Imani ile ikafa.

Tena aliyageukia mafuta ya petroli. Baku, kando ya bahari ya Kaspi, visima vilikuwa vinatoa mafuta mengi, na watu wakiyachimba na kuyauza bila kujua vizuri yamejengwa na nini. Tangu mwaka 1881 Markovnikov na msaidizi wake Ogloblin waliyachunguza, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya Caucasus ni molekuli za duara, tofauti na mafuta ya Marekani yaliyokuwa yamezoeleka. Aliziita nafthini, na jina hilo linatumika mpaka leo katika viwanda vya kusafisha mafuta. Mkemia wa chuo kikuu aliyeshuka kwenye visima kuchunguza mali ya nchi yake ni mfano mzuri kwetu, wakati huu ambapo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangwa kuishia Chongoleani, Tanga. Bomba hujengwa kwa chuma, lakini kujua kilichomo ndani ya bomba kunahitaji wakemia.

Mwaka 1893 aliondolewa katika uongozi wa maabara ile aliyoitengeneza, na nafasi yake ikachukuliwa na Nikolai Zelinsky, aliyekuwa kijana kuliko yeye. Mtu mwingine angefunga mlango na kwenda nyumbani kulalamika. Markovnikov aliendelea na utafiti humohumo chuoni, bila ukubwa, kwa miaka mingine kumi na zaidi. Mwaka 1901 alisimamia kitabu cha historia ya kemia nchini Urusi, kilichopewa jina la Lomonosov, ili walio nyuma wajue waliotangulia. Alifariki Moscow mwezi Februari 1904.

KANUNI BAADA YA KUFA KWAKE

Sasa nisimulie jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia darasani. Kanuni hii haikupokelewa kwa shangwe. Kwa miaka mingi wakemia walioijaribu kwa haidrojeni bromaidi walipata majibu yanayopingana. Leo bromini imekwenda katikati kama Markovnikov alivyosema. Kesho, kwa vitu vilevile, imekwenda mwisho. Huyu akipata hivi, yule vile. Palikuwa na hatari ya kweli kwamba kanuni nzima itatupwa, na Markovnikov hakuwapo tena kuitetea.

Aliyekata shauri ni Morris Kharasch, mzaliwa wa Kremenets katika Ukraine ya leo, aliyehamia Marekani akiwa mtoto na kuwa profesa Chicago. Mwaka 1933 yeye na Frank Mayo walitangaza sababu. Mwizi alikuwa hewa. Alkeni ikikaa katika chupa na kuguswa na oksijeni, hutengeneza peroksidi kidogo kidogo. Ukitumia alkeni safi, mbali na hewa, kanuni ya Markovnikov inafuatwa. Ukitumia iliyokaa na kuingiwa na peroksidi, matokeo yanageuka. Wakemia waliokuwa wakibishana walikuwa wakweli wote. Chupa zao ndizo zilizotofautiana.

Na sababu ya kugeuka inapendeza kuijua. Penye peroksidi, anayetangulia kuingia si haidrojeni tena, ni atomi ya bromini. Naye bromini hutua mwisho, ili kaboni iliyobaki na elektroni moja isiyo na mwenzake iwe ile ya katikati, yenye majirani wengi. Kisha haidrojeni inakuja nyuma na kukaa katikati. Kwa hiyo sheria ya ndani ni ileile: aliyetangulia huchagua kiti, na huchagua kile kitakachomwacha jirani katika hali ya utulivu zaidi. Kilichobadilika ni nani aliyetangulia. Na vijana wakumbuke kwamba hali hii ni ya haidrojeni bromaidi. Haidrojeni kloraidi na haidrojeni iodaidi hazigeuzwi hivyo na peroksidi.

Baadaye Herbert Brown alipata njia nyingine ya kuipeleka sehemu ya alkoholi upande wa pili kwa kutumia misombo ya boroni, naye akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1979. Wote hawa walianza pale Markovnikov alipoishia.

INATUFAA NINI

Mtu anaweza kuuliza, je, haya yanapika ugali? Naam. Propeni ikiongezewa maji penye asidi, kundi la alkoholi hukaa katikati kwa kanuni hiihii, ukapata isopropanoli. Kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1920, na huhesabiwa kuwa katika kemikali za mwanzo kabisa kutengenezwa kiwandani kutoka petroli. Ndiyo inayotumika kusafisha ngozi kabla ya sindano. Mwaka 2020, tulipokuwa tukipaka vitakasa mikono milangoni kwa hofu ya korona, mojawapo ya njia mbili zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kuvitengeneza ilitumia isopropanoli. Tulikuwa tunapaka Markovnikov mikononi.

MAFUNZO

Wadogo zetu, ninayo maneno matatu.

La kwanza, mchepuo si kaburi. Aliyesoma uchumi ili awe ofisa ndiye aliyewapa wakemia kanuni yao, kwa sababu ratiba ilimlazimisha kusoma sayansi na yeye hakuidharau. Mnaosoma masomo ya sanaa msiikimbie maabara, na mnaosoma sayansi msiudharau uchumi na historia.

La pili, kanuni isikaririwe bila sababu yake. Aliyekariri tu kwamba haidrojeni huenda penye haidrojeni atapigwa butwaa akikutana na peroksidi. Aliyejua kwa nini atajibu swali la kwanza na la pili kwa hoja moja.

La tatu, msidharau chupa. Kwa miaka mingi watu wazima wenye shahada walibishana kwa sababu ya vifuniko visivyofunga vizuri. Andikeni tarehe kwenye chupa, zifungeni, na mkipata jibu lisilolingana na kitabu msilifute. Liandikeni, kisha tafuteni sababu.

Na kwenu ndugu zangu tuliomaliza zamani, ninalo moja. Tukikutana huwa tunachanga, na michango mara nyingi huishia kwenye chakula na fulana. Si vibaya. Lakini napendekeza safari hii sehemu ya mchango wetu inunue vitu vya maabara: mirija, chupa za koni, bromini, na kabati la kuhifadhia vinavyodhuru. Kijana aliyeiona rangi ya kahawia ikitoweka mbele ya macho yake halazimiki kukariri, amekwisha kuelewa. Huenda yumo mmoja hapo Nyakato ambaye sasa anajiandaa kuwa karani, na anachohitaji ni kuingizwa katika chumba sahihi siku moja.

Nawatakia mkutano mwema, na wanaoingia mtihani nawatakia kalamu nyepesi. Kazi njema.